Kutega Wimbi

Kwanza iache ipate moto, dakika kumi,
wala usiiguse. Chemsha chai.
Kioo kitakaa cheusi, halafu kijani kitatoka ndani kwa ndani
kama kuvu kwenye kuta za Walukuba mwezi wa nne.
Siku ya kwanza nilidhani imekufa.
Oketcho akacheka: "Mzee haamshwi kwa kelele."

Aliileta kwa baiskeli kutoka kiwanda cha nguo
mwaka walipofunga milango, wakawalipa mafundi
vitu badala ya mishahara. Huyu jora la khaki,
yule kiti cha meneja. Yeye alichagua hii,
kilo kumi na sita, imefungwa kwa mpira wa tairi.
Mkewe aliuliza inapika nini.

Wahandisi wa Kampala huiita osiloskopu, mdomo umejaa.
Vijana wa redio husema skopu, yametosha.
Yeye alikuwa na majina yake.
Sindano ndiyo inayouliza.
Mamba hung'ata ardhi,
ardhi tu, Naigaga, ukimng'atisha penye moto
tutazika wawili, wewe na fyuzi.
Kwenye sindano pana kiswichi: moja, au kumi.
Kumi ni kuuliza kwa upole, saketi isishtuke,
ila jibu lizidishe mwenyewe.
Nilisahau kuzidisha mara moja, amplifaya ya kanisa,
nikasoma thelathini palipokuwa na mia tatu.
Kidole hiki bado kinaijua hesabu ile.

Na ule mraba wa majaribio:
kona ikivimba, au ikilegea,
zungusha kiskrubu kwa bisibisi ya plastiki
mpaka inyooke kama shuka la hospitali.

Lakini neno nililolipenda ni kutega.
Wimbi lisilotegwa hulioni. Linakimbia,
mistari juu ya mistari, kijani kitupu.
Kwao Tororo, utotoni, alitega kware.
Kitanzi kikiwa juu, ndege anapita chini yake.
Kikiwa chini, anakikanyaga na kwenda zake.
"Kiweke shingoni." Akazungusha kirungu, kidogo, kidogo tena,
na wimbi likasimama pale, likitetema,
limeshikwa,
na bado lilikuwa linaenda.

Jioni moja, kupitia transfoma ndogo ya kengele
(moja kwa moja usithubutu),
alinionyesha umeme wa ukutani.
Nilitegemea vilima vya mviringo.
Vichwa vyake vilikuwa bapa.
"Bwawa linautuma mzima," akasema,
"lakini kila chaja, kila televisheni, Bugembe hadi Masese,
inachota pale pale kileleni, zote kwa pamoja,
mara mia kila sekunde.
Na nusu yao hawajalipa bili."

Siku hizi Balidawa ana yake, saizi ya simu.
Anabonyeza kitufe kimoja, kifaa kinajitegea.
Yeye husema triga. Sigombani naye.
Mpaka ilipokuja redio ya Khemisa,
inayokwaruza mara moja, ikanyamaza robo saa,
ukiifungua haina kosa lolote.
Kitufe kikatafuta, kikatafuta, kikachoka.
Nikamwambia: mara moja tu, kisha usiguse kitu.
Tukasubiri. Chai ikapoa. Mvua ikaja, ikapita.
Akaruka kwenye stuli: "Imenaswa!"
Mwiba mmoja, mwembamba, kwenye mstari mtulivu:
risasi iliyopasuka chini ya mguu wa kapasita.
Shilingi elfu sita. Khemisa akalipa nne.

Katikati ya kioo cha Oketcho pana doa.
Usiku wa mwisho kiwandani, mashine zote zimezimwa,
aliiacha nukta ikiwaka peke yake,
haina cha kupima, hadi ikaunguza.
Kila wimbi ninalotega hupita hapo
na kukosekana upana wa unywele.
Nimezoea. Nalisoma hivyo hivyo.